Ramani tatu, kiunga kimoja, na barabara zinazopotea

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu anayekusanya historia ya kiunga alichokulia. Eneo hilo lilikuwa mashamba kati ya reli na mto. Leo limemezwa na mji. Amepata ramani tatu. Ya 1931 ina barabara saba zinazoteremka kutoka reli hadi mtoni. Ya 1948 ina nne tu. Ya 1962 ina sita, na mbili kati ya hizo zina majina yasiyoonekana kwenye ramani zilizotangulia. Alipozitoa nakala kwenye karatasi angavu na kuzipandanisha, upande wa reli zililingana vizuri, upande wa mtoni zikaachana karibu upana wa kidole. Anauliza ipi ndiyo sahihi, na achoreje ramani moja ya kuonyesha kiunga kilivyokua. Ameambatanisha picha za ramani zote tatu.

Mwalimu, nianze na barabara tatu "zilizopotea" baada ya 1931, kwa sababu hapo ndipo wengi hujikwaa. Nikiitazama picha yako naona barabara saba zote zina upana uleule, zimenyooka kama zimepigwa rula, na viwanja vyenye namba vimepangwa kando yake kama sabuni ndani ya katoni. Nyumba sioni hata moja. Kisima hakuna, mti hakuna, ua wala kijia cha mkato. Mahali watu wanapoishi hapawi hivyo. Hii ni ramani ya kuuza au kugawa ardhi: mtu alikuwa na shamba, akamwita mpimaji, shamba likakatwa viwanja kwenye karatasi, na barabara zikachorwa ili kila kiwanja kiwe na njia ya kuingilia. Baadhi ya viwanja vilipata wanunuzi na barabara zake zikafunguliwa. Vingine vilikaa nyasi. Ndiyo maana 1948 unaona nne. Zile tatu hazijabomolewa na mtu. Kwa maoni yangu zilikuwa bado wino mtupu.

Usidhani ni kasoro ya kiunga chako peke yake. Mpango wa New York wa 1811 ulichora barabara 155 za kukata kisiwa cha Manhattan, wakati ambapo sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa mashamba, vilima na vijito. Mpimaji wake, John Randel, baadaye alitoa karatasi 92 za ramani zinazoonyesha mashamba yaliyokuwapo, na juu yake barabara zitakazokuja. Ukizitazama unakuta mstari wa barabara umepita katikati ya nyumba ya mtu aliyekuwa bado anaishi humo. Kinyume chake, njia kuukuu ambayo waliopanga walitaka ifutwe iligoma kufa, na ndiyo leo inayokatiza mshazari kwenye miraba yote kwa jina la Broadway. Basi anayeichukua ramani ya 1811 kuwa picha ya mji wa 1811 anakosea mara mbili: anaona kisichokuwapo na haoni kilichopo.

Kwa viunga hasa, mfano ninaoupenda ni Riverside, nje ya Chicago. Olmsted na Vaux, wabunifu wa bustani na mandhari, waliuchora 1869, barabara zikiwa zimepindapinda kwa makusudi ili pawe na hali ya shamba. Ramani ile ni nzuri kiasi cha kuning'inizwa ukutani, na watu huining'iniza kweli. Lakini Chicago iliungua 1871, mwaka 1873 ukaja msukosuko wa fedha, na ujenzi ukakwama. Kwa miaka kadhaa ramani ilikuwa imejaa kuliko kiunga chenyewe.

Sasa nikulaumu kidogo. Picha zako zote tatu umezikata pembezoni. Naelewa, ulitaka mitaa ionekane kubwa. Lakini kwa mtu wa kazi hii, pembezo ni nusu ya ramani. Huko chini ndiko kunakoandikwa lini eneo lilipimwa, lini likasahihishwa, lini likachapwa, nani amelipia. Kwenye ile ya 1948 naona kona ya chini imebaki nusu neno na tarakimu mbili, na siwezi kusema kama ni mwaka wa kupima au namba ya karatasi.

Hili si jambo dogo, kwa kuwa ramani haina mwaka mmoja. Ina angalau mitatu: mwaka mpimaji alipotembea na vyombo vyake, mwaka mwingine alipokuja mtu kusahihisha, na mwaka mtambo ulipotoa nakala. Mwaka ulioandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ule wa mwisho, ambao ndio wenye maana ndogo kuliko yote. Na masahihisho yenyewe yanaweza kuwa ya kitu kimoja tu. Ordnance Survey, idara ya upimaji ya Uingereza, katika karne ya 19 iliendelea kuchapa karatasi za mfululizo wake wa kwanza kwa kuongeza reli mpya kwenye sahani zilezile za shaba za kuchapia, huku vijiji na barabara vikiachwa vilivyokuwa miaka mingi nyuma. Unapata ramani yenye treni ya jana inayopita kwenye mji wa babu.

Nami nimeumwa na nyoka huyo. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliandika kwamba mtaa fulani "ulianza kati ya mwaka huu na mwaka ule", kwa kulinganisha ramani mbili zilizochapwa miaka kumi na minane mbali. Baadaye mzee mmoja alinionyesha risiti ya kodi ya nyumba yake kwenye mtaa huohuo, ya miaka kumi na mmoja kabla ya tarehe yangu. Niliporudi kwenye ramani na kusoma maandishi madogo, nikakuta ramani ya pili ilisahihishwa kwa ajili ya barabara kuu tu. Mitaa ya ndani hawakuigusa. Tangu siku hiyo siandiki "mtaa ulianza". Naandika "mtaa unaonekana kwa mara ya kwanza", na mbele yake naweka mwaka wa kupima, si wa kuchapa.

Baada ya mwaka, swali la pili ni la nani alilipia. Kila ramani ina mteja, na mteja ndiye anayeamua nini kionekane. Ramani ya kampuni ya tramu itakuonyesha vituo na barabara za kuvifikia, vichochoro haivijui. Ramani ya idara ya maji itafuata mabomba. Ramani ya wageni itanenepesha barabara zenye hoteli na kuacha viunga maskini vikiwa doa la kijivu, au kuvifunika kabisa kwa kisanduku cha maelezo. (Angalia siku moja ni mitaa gani huangukia chini ya kisanduku hicho. Mara nyingi si ya matajiri.)

Kwa majengo, hakuna ramani tamu kuliko za bima ya moto. Kampuni ya Sanborn, iliyoanzishwa Marekani 1867, ilichora miji na vitongoji vipatavyo 12,000, mara nyingi kwa kipimio cha futi 50 kwa inchi moja, yaani 1:600. Kwa kipimio hicho unaona kila jengo, idadi ya ghorofa, mahali bomba la zimamoto lilipo, na rangi inakuambia limejengwa kwa nini: waridi ni matofali, njano ni mbao, buluu ni mawe. Charles Goad alifanya kazi ya namna hiyo Kanada na Uingereza. Uzuri mwingine ni namna zilivyosahihishwa. Jengo jipya likisimama, kampuni ilichapa kipande kidogo cha karatasi na kukibandika kwa gundi juu ya kile cha zamani, kwenye kitabu kilekile cha mteja. Ukipata karatasi halisi, iinue dhidi ya dirisha: vipande vinaonekana kama viraka kwenye kanzu, vingine tabaka tatu. Kila kiraka ni ziara moja ya mkaguzi. Hata kwenye nakala ya kompyuta, ukikuza sana utaona kivuli chembamba cha ukingo wa kiraka. Ila ukipewa nakala zilizotoka kwenye filamu nyeusi na nyeupe, rangi zimekwenda na habari ya vifaa vya ujenzi imekwenda nazo. Omba ya rangi, hata kama itachukua muda.

Lakini hata hizo zina mpaka wake. Bima haikuwa na haja na mahali pasipo na kitu cha kuwekewa bima. Kiunga kinachoanza huangukia nje ya karatasi ya mwisho, kwa hiyo usiposikia habari ya mtaa wako humo, usihitimishe kwamba haukuwapo. Huenda mchoraji aliishiwa na karatasi, au na sababu.

Kuna pia barabara na miji iliyochorwa kwa uongo wa makusudi, mtego wa kumnasa anayenakili kazi ya mwenzake. Maarufu kuliko yote ni Agloe, kijiji cha jimbo la New York kilichobuniwa miaka ya 1930 na Otto Lindberg, mwenye kampuni ya kuchora ramani, na msaidizi wake Ernest Alpers kwa kuchanganya herufi za kwanza za majina yao. Kijiji hakikuwapo, mpaka mtu mmoja alipoona jina kwenye ramani, akafungua duka mahali pale na kuliita duka la Agloe. Kampuni nyingine ilipokiweka kwenye ramani yake na kutuhumiwa wizi, ilikuwa na la kujitetea: duka hili hapa. Nakutajia kwa kuwa kinachekesha, si kwa kuwa nadhani barabara zako tatu ni mitego. Mtego huwa kichochoro kimoja kifupi kinachoishia ukutani. Hakuna anayetega kwa barabara tatu ndefu.

Sasa tuje kwenye yale majina mawili mapya ya 1962. Shauri langu ni ufunge macho kuhusu majina kabisa mpaka mwisho wa kazi. Mji unapomeza kiunga, kitu cha kwanza kubadilika ni majina. Chicago ilimeza vitongoji vikubwa vilivyoizunguka mwaka 1889, na ghafla ikajikuta na mitaa mingi yenye jina moja, kwa sababu kila kitongoji kilikuwa na barabara yake ya Lincoln au ya Washington. Majina yakabadilishwa. Kisha 1909 namba za nyumba zikapangwa upya karibu mji mzima, zikihesabiwa kutoka makutano ya mitaa ya State na Madison, na orodha ikachapwa ya namba za zamani na mpya. Anayetafuta nyumba ya bibi yake huko kwa anwani ya 1905 bila orodha hiyo atasimama mbele ya mlango wa watu wengine na kupiga picha kwa furaha.

Kwa hiyo kila barabara ipe alama yako mwenyewe, A, B, C, ukianzia mashariki, na uzilinganishe kwa mahali zilipo na umbo lake. Majina yaweke pembeni kwenye jedwali. Nimejaribu hivyo kwenye picha zako. Mojawapo ya yale "mapya mawili" inakaa palepale ilipokuwa barabara ya tatu kutoka mashariki mwaka 1948. Imebadilishwa jina tu. Ile nyingine ni mpya kweli, au tuseme ni moja kati ya zile tatu za 1931 zilizochelewa kuzaliwa.

Hapa kuna kitu ningependa ukitazame kwa karibu. Barabara D, ukishuka nayo kwenye ramani ya 1962, inakwenda imenyooka hadi karibu na katikati, kisha inaruka kulia kwa kiasi cha upana wake mwenyewe, halafu inaendelea kunyooka. Kwenye ramani inaonekana kama mkono wa mchoraji ulitetemeka. Haukutetemeka. Goti la namna hiyo ni mahali mashamba mawili yalipopakana. Mwenye shamba la juu alipima kuanzia kona yake, wa chini akapima kuanzia kona yake, na barabara zao zilipokutana hazikulenga. Ukichora mstari kutoka goti la D hadi magoti ya barabara jirani (C inalo pia, dogo) utakuwa umeufufua mpaka wa shamba ambao huenda hakuna hati inayouonyesha tena. Na juu ya mstari huo ndipo pa kutafuta miti mikongwe, mtaro, au njia ya miguu isiyo na jina ambayo watu wanaipita kila siku.

Umbo lina umri wake. Barcelona wameliona hili kwa ukubwa: mpango wa Ildefons Cerdà wa 1859 ulitandaza barabara za kawaida za mita 20 na vitalu vya mita zipatazo 113 kila upande, vikisonga kuelekea vijiji vya jirani. Gràcia, iliyokuwa mji wa pekee hadi ilipounganishwa na Barcelona 1897, ilikuwa na vichochoro vyake tayari. Ukitazama ramani yoyote leo, mahali miraba inapovunjika na njia kuwa nyembamba na za kukaribiana, hapo ndipo Gràcia inaanza. Huhitaji mwaka kuandikwa.

Turudi kwenye karatasi zako angavu. Zililingana upande wa reli kwa sababu ulianzia kuzilinganisha huko. Kosa likasafiri hadi upande wa pili na kujikusanya. Sababu ni nyingi na zote zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Mashine ya nakala hupunguza au kuongeza ukubwa kidogo. Karatasi huvuta unyevu na kunyauka, na haifanyi hivyo sawasawa kwa urefu na upana. Simu uliyopigia picha ilikuwa imeinama. Na huenda mpimaji wa 1931 alitumia kaskazini ya dira badala ya kaskazini halisi. Tofauti ya nyuzi 3 tu, kwa barabara ya kilomita moja, inakupeleka mita 52 pembeni. Ongeza jambo la mwisho: mto wenyewe unahama. Mto usiutumie kamwe kulinganishia ramani.

Fanya hivi. Ramani zipigwe skani bapa, zima na pembezo zake, kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi. Kisha tumia programu ya ramani ya kompyuta kama QGIS, ambayo ni ya bure, kuipachika kila ramani juu ya ramani ya sasa kwa kuonyesha sehemu zilezile kwenye zote mbili. Hesabu huanza kukubali kwa sehemu tatu, lakini sehemu tatu hazikuambii umekosea wapi. Weka kumi au kumi na mbili, zilizotawanyika pande zote na si zote kando ya reli. Chagua vitu vyenye ukaidi: makutano ya reli na barabara, nguzo za daraja, kona ya kanisa au msikiti wa zamani, bikoni za mipaka kama bado zipo. Programu itakupa kiasi cha kosa kwa kila sehemu. Sehemu yenye kosa kubwa usiifute haraka. Kwanza jiulize kama jengo lilijengwa upya mahali pengine, kwa maana mara kadhaa nimegundua habari nzuri kwa njia hiyo. Na iepuke ile njia ya kuivuta ramani kama mpira hadi kila sehemu ikae pake. Inapendeza machoni, lakini imeficha makosa yote uliyotaka kuyaona.

Usidai usahihi ambao karatasi haina. Kwa kipimio cha 1:10,000, milimita moja ni mita 10 ardhini, na unene wa mstari wenyewe unafika mita 3 au 4. Barabara mara nyingi huchorwa pana kuliko ilivyo ili isomeke. Kwa hiyo ramani ya namna hiyo haiwezi kuamua ugomvi wa ukuta wa jirani, na mtu akikujia na ombi hilo, mpeleke kwenye ramani ya upimaji ya viwanja.

Kwa ramani yako ya mwisho, nakushauri mistari ya aina mbili. Barabara ambayo una ushahidi kwamba ilikuwapo ardhini, ichore kwa wino, na rangi ya mwaka inapoonekana mara ya kwanza. Barabara iliyopangwa tu, ichore kwa penseli, mstari wa vipande. Ushahidi wa ardhini ni nini? Nyumba zilizochorwa kando yake, picha ya anga, kitabu cha anwani kinachotaja wakazi wake, kibali cha ujenzi. Picha za anga zithamini kuliko zote kwa kipindi chako, kwa sababu kamera haina mteja wa viwanja. Inaonyesha hata njia ya ng'ombe. Ila nayo soma tarehe na saa: kivuli kirefu au mti mkubwa huweza kuificha njia nzima.

Kati ya zile tatu za 1931, barabara ya sita kutoka mashariki ndiyo inayonisumbua. Kwenye 1931 ipo, kwenye 1948 haipo, kwenye 1962 ipo ikiwa na nyumba mbili tu upande mmoja. Inawezekana ilifunguliwa mapema na mrekebishaji wa 1948 hakufika kule chini mtoni. Nenda ukaitembee ukiwa na nakala ya 1931 mkononi, uhesabu hatua kutoka makutano ya reli, na uangalie kama nyumba kongwe zimeitazama barabara au zimeipa mgongo. Nyumba iliyoipa mgongo barabara kwa kawaida imeitangulia. Kisha nitumie tena ile ramani ya 1948, safari hii na pembezo zake zote. Nikisoma tarehe ya masahihisho nitakuambia kama ya sita iende kwenye wino au ibaki penseli.